Kwenda Ngenge Kutaja Milamula ya Kanisa

Kilichonitoa nyumbani ni barua. Ililetwa Ijuganyondo na dereva wa lori la kahawa, imeandikiwa mume wangu Theonest, na aliyeiandika ni Ta Novati, yaani Mzee Novati, katekista wa kigango chetu cha zamani kule Ngenge. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu tu, lakini Ta Novati anaandika herufi kubwa kama za ubaoni, basi niliisoma mwenyewe, nikamsomea Theonest aliyekuwa amelala mguu ameunyoosha, umevimba kama mtungi.

Barua ilisema hivi. Kijiji kinapimwa upya, nyumba zote zinasogezwa kando ya barabara, ndiyo mambo ya ujamaa ya mwaka ule. Projestus, mtoto wa marehemu Ta Laurenti, amerudi kutoka Uganda alikokuwa kazini. Ameiambia halmashauri ya kijiji kwamba uwanja wa kanisa ni kibanja cha baba yake, shamba lake la migomba. Kanisa wakalijenge upya barabarani, yeye pale apande kahawa. Wazee wanakaa Jumamosi. Waliokuwepo zamani wengi wamekufa au wamehama, na yeye Novati wamemkataa asiseme, kwa sababu katekista ni mtu wa kanisa. Theonest aje aseme anachokijua. Asipokuja mtu, Jumatatu wanabomoa.

Ndani ya uwanja ule amelala mtoto wetu wa kwanza, Deogratias. Alikuwa na miezi saba. Na kahawa, kama mjuavyo, hupandwa kwa kuchimba mashimo ya kina cha mkono mzima. Sina haja ya kueleza zaidi.

“Nenda wewe,” Theonest akasema.

“Mimi? Wameita mwanaume.”

“Mwanaume mwenyewe ndiye huyu, hafiki chooni bila mkongojo. Tena mimi majina yananikimbia. Nikifika kule nitasema nini? ‘Alikuwepo yule mtu mrefu’?”

“Watanicheka.”

“Wacheke. Wakimaliza kucheka, utaje.”

Alhamisi alfajiri nikatoka. Nilikuwa nimefunga ndizi za kuchemsha kwenye jani la mgomba, na kimfuko cha kahawa za kutafuna, kwa sababu huendi kwenye baraza la wazee mikono mitupu. Nikashuka mjini Bukoba kwa miguu. Miembeni nikapita dukani kununua chumvi, maana Ngenge chumvi ilikuwa ikifika kwa bahati. Mwenye duka akaniuliza nakwenda harusini au msibani. Nikamwambia nakwenda kwenye mpaka. Akasema, “Basi ni vyote viwili.”

Saa mbili basi likaondoka. Ziwa lilikuwa upande wetu wa kushoto, linaonekana, linapotea nyuma ya migomba, linaonekana tena. Karibu na Kemondo akapanda mama mmoja wa makamo, akakaa kando yangu na kikapu cha senene, wale panzi wetu wa kuliwa, waliokaangwa. Alijitaja kuwa Ma Leya, Mlutheri, anakwenda kumwona binti yake aliyejifungua. Senene wake walikuwa na chumvi ya kutosha. Nikamweleza safari yangu yote, maana kwenye basi mtu hana siri.

“Kanisa limezungushiwa milamula?” akauliza kwa mshangao. “Waitu, mliona wapi?”

Wasomaji wa mbali huenda hamuujui mulamula. Ni mmea wa majani marefu, haufi kwa urahisi, ukikata tawi ukachomeka ardhini linaota. Kwetu ndio mpaka. Mtu akisema “milamula ya Ta fulani” amesema kibanja cha bwana huyo, migomba yake, makaburi yake na ugomvi wake. Hupandwa na wenye mpaka wawili, mbele ya mashahidi, na wote ni wanaume. Kanisa halina milamula.

“Tuliona sisi,” nikamjibu Ma Leya. “Tulikuwa wageni kule, tukafanya tulichokijua.”

“Sisi kwetu kiwanja cha kanisa alitoa mtu mmoja,” akasema, “na wanawe mpaka leo wanakaa benchi la mbele wamenyoosha miguu. Mchungaji akihubiri juu ya unyenyekevu wanasinzia. Bora nyinyi mna milamula, sisi tuna miguu.”

Alhamisi alasiri nikashuka Muleba, nikalala kwa wifi yangu Veneranda. Alinipikia ndizi na maharage, akanipokea vizuri, lakini alipojua ninakwenda badala ya kaka yake akaweka kijiko chini.

“Mae, mwanamke hashuhudii mpaka. Watakuuliza umekuja na idhini ya nani.”

“Ya kaka yako.”

“Kaka yangu huyo wanamwona wapi? Na wakikwambia ukae jikoni?”

“Jikoni kwa nani, Veneranda? Nitakaa penye kaburi la mwanangu, wanifuate hapo hapo.”

Asubuhi akanipa gauni lake zuri la kitenge, akasema lile langu lina mkunjo wa mtu aliyekwisha kushindwa.

Ijumaa, saa nne, nikapata lori lililokuwa linapeleka mabati kwenye ghala la kijiji. Dereva akanikalisha mbele. Ukitoka Muleba kwenda Ngenge unaacha migomba nyuma, mlima unashuka, unaingia kwenye nyasi. Jua la huko si la Bukoba, linachoma mchana mzima bila wingu la ziwa. Nilipoziona zile nyasi nikaikumbuka safari ya kwanza, na hapa lazima niwaeleze, la sivyo kanisa hamtalielewa.

Tulikwenda mara ya kwanza Uhuru ukiwa bado mpya. Kwa kina Theonest walikuwa ndugu watano kwenye kibanja kimoja, hata kuku alikuwa hana mahali pa kukwaruza. Tukasikia Ngenge kuna ardhi ya kila anayeitaka. Tukaenda familia nane, kila moja kutoka kwao. Aliyetangulia ni Ta Laurenti, alifika miaka miwili kabla yetu, kwa hiyo yeye peke yake migomba yake ilikuwa na kivuli. Yetu ilikuwa inatufika magotini.

Mvua za kwanza, Deogratias akashikwa na homa, siku mbili tu, akafa. Sasa tukamzike wapi? Kwetu mtu anazikwa kwenye migomba ya kwao. Kuzika mtoto kwenye nyasi tupu ni kama kumtupa. Theonest alisimama na jembe begani hajui aanzie wapi. Ta Laurenti akaja, akamshika mkono, akatupeleka kwenye shamba lake, akaonyesha kona nzuri kabisa, penye migomba minene, alipokuwa amesafisha ajenge nyumba yake kubwa. Akasema, “Hapa.” Akajenga nyumba yake chini, karibu na maji, akawa anaumwa na mbu mpaka anakufa.

Jumapili iliyofuata watu walikuja kusali pale, kwa sababu palikuwa na kivuli na kaburi. Na iliyofuata. Ndivyo kigango kilivyoanza, hakikuanzishwa na padri. Baadaye wanaume wakaezeka kijumba cha nyasi cha mviringo, mushonge kabisa kama wa wazee wetu, kwa sababu nyumba nyingine hawakujua kuijenga. Padri alipofika kwa pikipiki aliinama kuingia, akasema hajawahi kuingia kanisani kwa magoti. Sisi wanawake tulitandika nyasi mpya chini kila Jumamosi. Miaka ilipopita wakajenga la matofali mabichi, la pembe nne. Sisi tukarudi Ijuganyondo baba mkwe alipofariki, na Theonest akarithi.

Ijumaa alasiri nikafika. Kijiji sikukijua. Nyumba zimepangwa mistari kama watoto wa shule. Mke wa Ta Novati, Ma Yustina, alinikumbatia, akaniuliza watoto wangu sita mmoja mmoja kwa jina. Nilipokwisha kunywa uji nikaenda kanisani.

Lilikuwa dogo kuliko nilivyolikumbuka. Ukuta wa mashariki umeliwa na mvua, mlango umeinama. Lakini milamula imesimama, mirefu kumpita mtu. Kaburi la Deogratias lilikuwa limepaliliwa. Nikapiga magoti. Nilipoinuka nikamwona mwanaume amevaa suruali ya Kampala, ana kamba mkononi, anapima.

“Ma Paskazia,” akasema. “Umekuja kupika au kusema?”

Projestus. Nilimwacha ana miaka kumi, mdomo umejaa mapera.

“Nitasema,” nikamjibu. “Ukiona njaa kesho mchana, nitapika pia.”

Akacheka kidogo. Halafu akasema, bila hasira, “Mae, mimi sina neno na mtoto wako. Kaburi nitaliruka. Lakini nilikaa Uganda miaka mitano, nimefukuzwa kama mbwa, nimerudi sina kitu. Baba ameniachia nini? Nyumba ya mbu. Kahawa yangu nipande wapi?”

Na “nitaliruka” lake sikuliamini, kwa sababu mizizi hairuki.

Jumamosi asubuhi wazee wakakaa nje ya kanisa. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Mzee Kalumuna, mgeni wa huko, hakuwepo zamani zetu. Nikapitisha kahawa za kutafuna, kila mmoja akachukua. Mzee mmoja akauliza kama Theonest ameishiwa wanaume ukoo mzima. Watu wakacheka. Nikangoja wamalize, kama nilivyoagizwa.

Projestus akasimama kwanza, na alisema vizuri. “Wazee wangu, nani hapa hajui milamula ni alama ya kibanja? Kanisa gani Buhaya lina milamula? Baba alizungushia mali yake. Kanisa liliingia ndani kama mgeni. Mgeni siku ya ngapi? Mpeni jembe!”

Wakapiga makofi. Mwenyekiti akanigeukia. “Mama, hii ardhi kwanza ilikuwa ya nani?”

Ningeweza kusema ilikuwa pori. Lakini Ta Laurenti alimpokea mwanangu, siwezi kumfuta.

“Ilikuwa ya Ta Laurenti,” nikasema.

“Mmesikia!” akaruka Projestus. “Amesema mwenyewe!”

“Sijamaliza, bojo. Kaa.” Nikawaeleza habari ya kaburi kama nilivyowaeleza ninyi. Nikaona Projestus ameinamisha kichwa, nadhani habari ile hakuwahi kuambiwa. “Aliitoa. Na sisi, kwa kuwa tulikuwa wageni, tukaogopa watu watakaokuja nyuma yetu watalima juu ya mtoto. Tukaweka mpaka. Kwa desturi ungepandwa na wawili. Sisi tulipanda familia nane, kila moja mulamula wake iliyoutoa kwao. Ta Laurenti alitucheka siku hiyo, akasema, ‘Mpaka wa mikono minane! Ukigombaniwa mtamwita nani?’”

“Maneno ya marehemu ni mepesi kuyasema,” akasema yule mzee wa kwanza.

“Kweli. Basi tusiwaulize marehemu, tuiulize milamula. Mulamula wa mtu mmoja hutoka mama mmoja. Unakata tawi, unachomeka, unakata la pili. Majani yanafanana kama watoto wa tumbo moja. Inukeni tukaangalie.”

Wakainuka. Nilianza mlangoni.

“Huu ni wa Ta Novati huyu, kutoka Kamachumu. Unaofuata ni wa Ta Ishengoma wa Kanyigo, ona majani mapana kama sikio la ng’ombe. Huu wa Ta Rutta wa Maruku. Huu mwembamba, wa Ta Mutalemwa, mama yake alikuwa wa Karagwe na mulamula ni wa huko. Wa tano ni wa Ta Kamuhabwa wa Ndolage, alikuwa Mlutheri, alipita njiani akaona tunapanda akasema mpaka hauna dini, akaleta wake. Wa sita Ta Kyaruzi wa Kiziba, alikuwa na kigugumizi akiongea, akiimba hana. Wa saba…”

Hapo nikasita.

“Wa saba wa nani?”

“Wa Theonest wa Ijuganyondo,” nikasema.

“Aliupanda mwenyewe?”

“Mwenyewe. Na wa nane ni wa Ta Byarugaba wa Rubya, ambaye alilewa kabla ya kazi, ndiyo maana umekaa upande.”

Hata mwenyekiti alicheka, kwa sababu kweli umekaa upande. Wakashika majani, wakalinganisha, mapana na membamba, yenye kung’aa na yenye vumbi. Hakuna miwili iliyofanana.

“Na wa Ta Laurenti?” mwenyekiti akauliza.

“Alikataa kupanda. Alisema akipanda atakuwa ameshika tena kitu alichokitoa.”

Projestus akausogelea mpaka. Kule chini, kwenye nyumba ya baba yake, milamula yao ina mstari mweupe katikati ya jani, kila mtu pale anaijua. Akazunguka uwanja polepole, mti kwa mti, anageuza majani. Akafika mwisho. Akazunguka mara ya pili. Tulimngoja. Hakuna aliyemharakisha.

“Hata mmoja?” akaniuliza.

“Hata mmoja, mwanangu.”

Akakunja kamba yake.

Wazee wakaamua uwanja ni wa kanisa na kanisa libaki, na Projestus apewe ardhi ya kahawa upande wa juu, mbali na mbu. Mwenyekiti akaandika majina manane kwenye daftari. Mchana nikapika, naye Projestus alikula sahani mbili.

Jumapili tulisali, Jumatatu kanisa likiwa limesimama nikapanda lori, na Jumanne jioni nilikuwa Ijuganyondo. Theonest alikuwa ameketi nje, mguu juu ya kigoda. Nikamsimulia yote. Akasikiliza mpaka mulamula wa saba.

“Umesema wa nani?”

“Wako.”

“Mimi siku ile nilikuwa na malaria, natetemeka chini ya blanketi mbili. Wewe ndiye uliyeukata nyuma ya jiko la mama tulipohama, ukaubeba, ukaupanda. Ulirudi kunipa uji kucha zimejaa udongo.”

“Najua. Ningesema nini? Mwanamke hapandi mpaka. Wangesema mstari umevunjika, tungempoteza mtoto kwa ajili ya jina langu.”

Akaushusha mguu kwenye kigoda. “Na siku wakija kuniuliza mimi? Niseme uongo juu ya kaburi la Deo? Lete karatasi.”

Tulibishana siku mbili. Nilimwambia mambo yaliyokwisha hayachokonolewi. Akasema anayedanganya wazee mara moja, hata alilosema kweli linafutika. Siku ya tatu nikaleta karatasi. Yeye akasema, mimi nikaandika, kwa mwandiko wangu wa darasa la tatu: *Mwenyekiti, ule wa saba ni wa mke wangu Paskazia. Mimi nilikuwa mgonjwa.* Akatia sahihi. Nikampa yule dereva wa kahawa barua kwa mkono wangu mwenyewe, na lori lilipoondoka nilitamani nilikimbilie.

Wiki tatu sikulala vizuri. Kila nilipokuwa shambani nikichimba, niliona jembe la mtu mwingine kule Ngenge.

Jibu likaja kwa herufi kubwa za Ta Novati. Barua ilisomwa mbele ya halmashauri. Yule mzee wa siku ile alisimama, akasema mpaka uliopandwa na mwanamke si mpaka, kesi irudi mwanzo. Wengine wakaanza kukubali. Ndipo akasimama Projestus, ambaye kesi ikirudi yeye ndiye angefaidika, akasema: “Milamula ya baba yangu chini kule, aliyoipanda mwanaume, mitatu imeliwa na mchwa. Huu wa saba nimeugeuza kila jani, ni mzima. Andikeni jina la mama, twende tukalime.” Wakaandika.

Ndiyo safari yangu ya Ngenge. Mkienda leo mtakuta kanisa la bati, lakini uwanja ni ule ule na milamula ni ile ile, minane, mmoja umekaa upande. Nilichojifunza ni kidogo, na nimewafundisha binti zangu wote wanne: ukipanda kitu, sema ni chako siku hiyo hiyo, udongo ukiwa bado kwenye kucha. Utasumbuka kidogo. Mimi nilisubiri zaidi ya miaka kumi, nikasumbuka wiki tatu nzima, na lori la kahawa halikuja haraka.